Tabia njema haijengwi kwa nguvu ya soda

KILA mwaka mpya unapobisha hodi, wengi wetu huapa kubadilika. Mmoja huapa kuacha sigara, mwingine kupunguza sukari, na wa tatu kuweka akiba. Kabla ya Februari kumalizika, viapo hivyo huwa vimesahaulika na aliyeapa hubaki akijilaumu kuwa hana msimamo.

Aghalabu lawama hizo humwonea. Tabia ni tendo ambalo mtu amelirudia mara nyingi, mahali pamoja na katika hali ile ile, hadi mwili ukalizoea na kulitenda bila akili kushauriwa. Anayetia vijiko vitatu vya sukari katika chai yake ya asubuhi haketi kuamua. Akishaona kikombe, mkono hujiendea wenyewe kwenye kopo la sukari. Wahenga waliposema kuwa mazoea yana taabu, hawakukosea.

Ndiposa kiapo pekee hakitoshi. Siku za kwanza ari huwa juu, lakini mtu akichoka, akishikwa na njaa au akizongwa na mawazo, huirudia njia aliyoizoea. Hiyo ndiyo nguvu ya soda: hufoka chupa inapofunguliwa, kisha hutulia.

Je, tabia mpya huchukua muda gani kukita mizizi? Wengi husema siku 21. Dai hili huhusishwa na kitabu kilichotolewa mwaka wa 1960 na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile nchini Marekani. Maltz alikuwa ameona kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzizoea sura zao mpya. Wasomaji wakaliacha hilo neno "angalau", na hesabu hiyo ikageuzwa kuwa kanuni ya kila tabia.

Waliopima jambo lenyewe ni watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2010. Waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amejichagulia tendo dogo la kula, kunywa au mazoezi ya viungo ili alirudie kila siku baada ya jambo fulani, kwa mfano baada ya kiamshakinywa. Muda wa kati ulikuwa siku 66. Mwepesi kuliko wote alihitaji siku 18, na makadirio ya aliyechelewa zaidi yalifika siku 254.

Aidha, watafiti hao waligundua kwamba kuikosa siku moja hakukubomoa kazi iliyokwisha kufanywa. Kuvunjika kwa koleo, naam, si mwisho wa uhunzi.

Tukitaka kuona jinsi mazingira yanavyoibeba au kuiangusha tabia, hatuna haja ya kwenda mbali. Mnamo Februari 1, 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Abiria wakaanza kujifunga mikanda, ila wengi walijifunga kwa kumhofia askari wa barabarani. Askari alipolegeza kamba, mikanda nayo ikalegea. Mnamo Novemba 12, 2018, serikali ililazimika kuanzisha msako mwingine kwa ajili ya kanuni zizo hizo.

Linganisha na mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku kuanzia Agosti 28, 2017. Adhabu ilikuwa kali, faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Hata hivyo, badiliko kubwa lilikuwa pale pale dukani: mfuko wa bure haukuwapo tena. Kila mnunuzi aliyefika kwa karani mikono mitupu alikumbushwa. Leo, ingawa mifuko ya magendo bado hupenya masokoni, mamilioni ya Wakenya hutoka nyumbani na kikapu au kiondo bila kuwaza faini.

Kisa cha tatu ni cha kusikitisha. Virusi vya corona vilipoingia nchini Machi 2020, mitungi ya maji na sabuni iliwekwa kwenye malango ya masoko, benki na vituo vya matatu. Tulinawa kila tulipoiona. Mitungi ilipoondolewa, wengi wetu tuliacha, ijapokuwa tulijua vyema kwamba kunawa mikono hukinga pia kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Ujuzi tulikuwa nao. Kilichotoweka ni cha kutukumbusha.

Mimi mwenyewe nilifunzwa haya na shinikizo la damu. Daktari alinitaka nipunguze chumvi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi gramu tano kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Niliapa, nikashindwa. Nilikuwa nikinyunyizia chakula chumvi kabla hata ya kukionja, na kila usiku nilipotoka kazini nilipitia kibanda cha chipsi njiani kuelekea kituo cha matatu.

Mambo yalibadilika nilipoacha kupigana na nafsi yangu. Kichupa cha chumvi kiliondolewa mezani kikawekwa kwenye kabati la juu jikoni. Nami nikaanza kupitia barabara ya pili, isiyo na kibanda. Wiki za mwanzo miguu ilitaka kujipeleka kule kule, na mara mbili au tatu ilinishinda. Sikuhesabu hayo kuwa mwisho. Kesho yake nilipita njia mpya.

Basi anayetaka kubadilika na achague jambo moja, tena dogo. Alifungamanishe na jambo analolifanya tayari kila siku: dawa ziwekwe kando ya mswaki, akiba itumwe mshahara unapoingia, kabla ya matumizi. Kinachomshawishi akiweke mbali na macho, na kinachomfaa akiweke karibu na mkono. Kisha ajipe miezi, wala asijipe wiki tatu.

Miongoni mwetu wamo wanaoambiwa na madaktari kila siku wabadili mlo au waache tumbaku, nao hurudi kliniki wakiona haya kwamba wameshindwa. Kabla hawajajihukumu, na waanze kwa kutazama kilichoko juu ya meza.