Wati za Kwenye Boksi na Wati za Kweli: Mwongozo wa Kununua Spika na Amplifaya

Kwa familia nyingi, redio ya sebuleni hununuliwa kwa akiba ya miezi kadhaa. Huwekwa mahali pa heshima, karibu na televisheni, na hutarajiwa kuhudumu kwa miaka mingi: taarifa ya habari asubuhi, kaswida siku ya Ijumaa au kwaya siku ya Jumapili, mpira jioni na filamu usiku. Hata hivyo, walaji wengi huichagua kwa kutazama namba moja tu iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, yaani idadi ya wati. Namba hiyo ndiyo inayopandisha bei, na mara nyingi ndiyo isiyostahili kuaminiwa kuliko zote.

Namba kubwa isiyo na kipimo

Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme ambayo amplifaya huipeleka kwenye spika. Nguvu hiyo hupimwa kwa namna zaidi ya moja. Namna ya haki ni kupima nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila sauti kuharibika. Hii kwa kawaida huandikwa kwa herufi RMS. Namna nyingine ni ile inayoandikwa PMPO, ambayo hudai kueleza kilele cha nguvu kwa kitambo kifupi mno. Hakuna kiwango cha kimataifa cha kuipima PMPO. Kila mtengenezaji huikokotoa apendavyo. Ndiyo maana sabufa ndogo ya mezani huweza kuandikwa wati 8,000, ilhali pasi ya umeme hutumia takriban wati 1,000. Kama sabufa hiyo ingekuwa ikitoa wati 8,000 kwa kweli, ingehitaji umeme wa pasi nane kwa pamoja, na ingemaliza uniti zisizopungua nane za LUKU kila saa. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Tatizo hili si geni duniani. Nchini Marekani, mamlaka ya kulinda walaji ilitunga kanuni mwaka 1974 inayowataka wauzaji wanaotangaza nguvu ya amplifaya za nyumbani kutaja nguvu ya mfululizo iliyopimwa kwa utaratibu maalumu. Sababu ilikuwa ileile: wanunuzi hawakuweza kulinganisha bidhaa mbili, kwa kuwa kila kampuni ilikuwa na rula yake.

Soma kibandiko cha nyuma

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akigeuze chombo. Nyuma yake au chini yake huwapo kibandiko kinachotaja volti na wati ambazo chombo huzichukua kutoka kwenye umeme wa nyumbani. Chombo kinachotumia adapta huwa na maelezo hayo kwenye adapta yenyewe: zidisha volti kwa ampea. Adapta ya volti 12 na ampea 5 hutoa wati 60, basi.

Kanuni ni rahisi: amplifaya haiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi ile inayoichukua. Ikiwa boksi linasema wati 5,000 na kibandiko kinasema wati 80, kiamini kibandiko. Tahadhari moja ni muhimu: kwa muda mfupi amplifaya huweza kutoa zaidi ya inavyochukua, na baadhi ya kampuni huandika matumizi ya wastani badala ya ya juu kabisa. Kwa hiyo tofauti ndogo si ushahidi wa udanganyifu. Tofauti ya mara hamsini ni ushahidi wa kutosha.

Spika na amplifaya zipatane

Mlaji anayenunua amplifaya na spika kila kimoja peke yake anapaswa kuangalia mambo matatu.

La kwanza ni ukinzani wa spika, unaopimwa kwa omu na kuandikwa kwa alama Ω. Spika nyingi za nyumbani huwa na omu 4, 6 au 8. Amplifaya huandikwa kiwango cha chini inachokivumilia. Usiifunge spika yenye omu pungufu ya hizo, kwani amplifaya itapata joto kupita kiasi na huenda ikaungua. Kumbuka pia kwamba spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja huwa sawa na spika moja ya omu 4. Amplifaya nyingi huharibika kwa sababu ya spika ya ziada iliyoongezwa siku ya sherehe.

La pili ni unyeti wa spika, yaani sauti inayotoka ikipewa wati moja na kupimwa kwa umbali wa mita moja. Kipimo chake ni desibeli. Kila unyeti unapopungua kwa desibeli 3, amplifaya hulazimika kutoa nguvu maradufu ili sauti ibaki ileile. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 20 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 85 iliyopewa wati 80. Spika yenye unyeti mzuri humpunguzia mlaji gharama ya amplifaya kubwa.

La tatu ni mkwaruzo, ambao huandikwa kwa asilimia. Wati 50 zilizopimwa kwa mkwaruzo wa asilimia 10 si sawa na wati 50 zilizopimwa kwa mkwaruzo usiofika asilimia 1. Zile za kwanza zimehesabiwa wakati sauti imekwisha kuharibika. Aidha, amplifaya ndogo inayolazimishwa kupiga kwa sauti ya juu kabisa huweza kuunguza spika ndogo za sauti nyembamba, hata kama spika hizo zimeandikwa wati nyingi kuliko amplifaya. Sauti ikianza kukwaruza, ipunguze mara moja.

Sebule yako ndiyo kipimo

Katika sebule ya kawaida, kwa msikilizaji aliyeketi mita 3 kutoka kwenye spika, wati chache tu hutosha kwa usikilizaji wa kila siku. Nguvu ya ziada ni akiba ya vishindo vya ngoma na milipuko ya filamu.

Mfumo unaoandikwa 5.1 una spika tano na sabufa moja: mbili za mbele, moja ya katikati inayobeba mazungumzo ya filamu, mbili za pembeni au nyuma ya msikilizaji, na sabufa ya besi. Faida yake hupatikana pale tu filamu yenyewe inapokuwa na sauti ya mikondo sita, na pale chumba kinaporuhusu spika za nyuma kuwekwa mahali pake. Ikiwa kochi limeegemezwa ukutani, au ikiwa matumizi makubwa ni muziki, spika mbili nzuri huzidi spika sita hafifu za bei ileile. Spika nyingine zaweza kuongezwa baadaye, mradi risiva uliyoinunua ina nafasi zake. Hakikisha pia kwamba matundu ya risiva yanapatana na yale ya televisheni yako. Piga picha nyuma ya televisheni na uende nayo dukani.

Jaribu kabla ya kulipa

Chukua nyimbo mbili au tatu unazozijua vizuri. Anza kwa sauti ya chini. Je, maneno ya mwimbaji yanasikika bila kujikaza? Katika taarabu, je, unaweza kuitofautisha ganuni na udi? Je, besi hukatika ngoma inaponyamaza, au hubaki ikivuma? Unapolinganisha vyombo viwili, hakikisha vinapiga kwa sauti sawa, kwa kuwa sikio huvutwa na kile chenye sauti kubwa hata kikiwa duni.

Vyombo vilivyotumika vinahitaji uangalifu zaidi. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni volti 120, wakati wetu ni volti 230. Chombo cha huko kisicho na swichi ya kubadili volti kitaungua kikichomekwa moja kwa moja. Bei ya transfoma nayo uijumlishe. Gusa taratibu ukingo wa spika kubwa: sponji iliyooza humeguka. Sikiliza kila spika peke yake.

Risiti na haki yako

Dai risiti ya kielektroniki, na mwombe muuzaji aandike jina la chombo, namba yake ya modeli, nguvu aliyoitaja na muda wa dhamana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Tangazo la kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi haligeuzi maelezo ya uongo kuwa kweli.

Ukigundua kasoro, acha kukitumia chombo, usikipeleke kwa fundi wa mtaani kabla ya kumjulisha muuzaji, na lihifadhi boksi pamoja na vibandiko vyake. Muuzaji akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na risiti mkononi. Boksi lililokushawishi kununua ndilo litakalokuwa ushahidi wako.