Walitesa Safari Rally Lakini Taji la Dunia Likawapita: Hii Ndio Sababu

Msee, simama steji ya Kebirigo mvua ikishapiga. Utaona jamaa wa nduthi akishuka kilima, matope inateleza kama sabuni, amebeba mathe na gunia la majani chai, na haanguki. Lazima mtu aseme, "Huyu akipewa gari, ni bingwa wa dunia."

Pole, lakini haiendagi hivyo. Kenya imekuwa na madereva moto sana, na hakuna hata mmoja aliwahi beba taji la dunia la rali.

Anza na Joginder Singh. Alishinda Safari Rally 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Mbona hana taji? Kwa sababu halikuwepo. Ubingwa wa dunia, WRC, ulianza 1973, lakini ulikuwa wa makampuni ya magari. Dereva ndio anavuka mito, pointi zinaenda kwa kiwanda. Taji la madereva lilikuja 1979.

Sasa cheki Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, akahamia Kenya enzi za Idi Amin. Safari alishinda mara 5: 1973, halafu 1979 hadi 1982 bila kupumzika. Mwaka huo wa kwanza wa taji, 1979, Safari ilikuwa yake. Taji je? Lilienda kwa Björn Waldegård wa Sweden, aliyempiku Hannu Mikkola na pointi moja tu.

Shida ni hii: msimu huo ulikuwa na rali 12. Kuna theluji ya Sweden, lami ya Corsica, misitu ya Finland. Safari ni moja tu. Ni kama KCSE, A ya Hesabu pekee haiwezi kukupea gredi ya A. Mehta alikaribia zaidi 1981, akamaliza namba 5 duniani.

Na kufanya hizo "pepa" zote kunataka ganji: gari, spea, mafundi, tiketi za ndege. Ganji ilikuwa kwa viwanda vya Ulaya na Japani. Kwa Safari walimtafuta Mkenya kwa sababu anajua barabara. Safari ikiisha, kila mtu kwao. Mwaka wa 1994 Ian Duncan alishinda na Toyota, Patrick Njiru akamaliza namba 4 na Subaru Impreza. Hakuna aliyepewa msimu mzima wa dunia.

Na si sisi peke yetu. Stirling Moss wa Uingereza alishinda mbio 16 za Formula 1, akawa namba 2 miaka 4 mfululizo, 1955 hadi 1958. Taji? Zii. Ile ya 1958 aliikosa kwa pointi moja.

Ndio maana nilifurahi 2022 McRae Kimathi alipoenda kukimbia kwa theluji ya Sweden kwenye Junior WRC. Angalau mtu wetu alianza kufanya pepa zingine.

Mimi niliacha chuo karo iliponilemea, so najua kukosa cheti si kukosa akili. Lakini pia najua cheti hakiletwi na kipaji peke yake. Kwa hivyo ukimwona yule jamaa wa nduthi Kebirigo, usimwambie tu ati ni bingwa. Uliza nani atamlipia zile rali zingine 11.

Wewe unaonaje, kati ya hawa nani alistahili taji zaidi?