Jua la Upande wa Kulia: Farao Neko, Wafoinike na Bahari ya Mafia

Kijiji cha Bweni kiko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, zaidi kidogo ya digrii 7 na nusu kusini mwa ikweta. Ukisimika kijiti cha mita 1 pale ufukweni mwishoni mwa Juni, adhuhuri kivuli chake kitalala upande wa kusini kwa urefu wa sentimita 60 hivi, kwa kuwa jua liko kaskazini. Mwishoni mwa Desemba mambo hugeuka: jua liko kusini, na kivuli cha sentimita 28 hivi huelekea kaskazini. Mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu na tarehe 12 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli cha kijiti karibu kitoweke.

Mvuvi wa Bweni haoni ajabu yoyote hapo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, alipoambiwa kwamba kuna mabaharia walioliona jua la adhuhuri likiwa kaskazini, alikataa katakata. Hata hivyo aliiandika habari hiyo, na leo ndiyo sehemu inayozingatiwa kuliko zote katika kisa kizima.

Kisa chenyewe kinamhusu Neko wa Pili, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 610 hadi 595 KK. Wasomaji wa Biblia wanamfahamu: ndiye farao ambaye mfalme Yosia wa Yuda aliuawa alipojaribu kumzuia huko Megido, mwaka 609 KK. Alitoka katika nasaba ya 26, yenye makao yake Sais, kwenye delta ya Nile. Baba yake, Psamtik wa Kwanza, ndiye aliyeiunganisha nchi na kuitoa chini ya kivuli cha Waashuru. Ilikuwa miongoni mwa nasaba za mwisho za Wamisri wenyewe. Mwaka 525 KK Waajemi waliiangusha, na ingawa wenyeji walirudi madarakani katika karne iliyofuata, farao wao wa mwisho, Nektanebo wa Pili, alishindwa na Waajemi hao hao miaka ya 340 KK.

Neko aliitazama bahari kuliko mafarao wengi waliomtangulia. Alijenga merikebu za kivita katika bahari zote mbili, Mediterania na Shamu, na akaanza kuchimba mfereji wa kuunganisha Nile na Bahari ya Shamu. Herodotus anasema Wamisri 120,000 walikufa katika kazi hiyo kabla haijasimamishwa. Idadi hiyo naiona imetiwa chumvi, lakini mfereji wenyewe ulikuwepo: Dario wa Kwanza, mfalme wa Waajemi, aliumalizia na kusimika mawe yenye maandishi kando yake, na vipande vya mawe hayo vimepatikana.

Baada ya kuuacha mfereji, anaeleza Herodotus, Neko aliwaajiri Wafoinike, mabingwa wa ubaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo. Aliwaagiza watoke Bahari ya Shamu, waambae pwani ya bara letu lote, kisha warudi Misri kupitia mlango wa bahari wa Gibraltar. Kila ilipofika majira ya kupanda walitia nanga popote walipokuwa, wakalima, wakavuna, wakaendelea. Mwaka wa tatu wakafika nyumbani. Waliporudi walisema kwamba walipokuwa wakilizunguka bara, jua lilikuwa upande wao wa kulia.

Tuipime kauli hiyo. Chombo kinachozunguka ncha ya kusini ya Afrika kutoka upande wetu huelekea magharibi, na anayeelekea magharibi ana kaskazini mkono wake wa kulia. Rasi Agulhas iko karibu digrii 35 kusini, mbali kabisa na mstari wa digrii 23 na nusu ambao jua la utosini halivuki. Adhuhuri pale, kiangazi au kipupwe, jua halisimami kusini hata siku moja. Kwa Mgiriki, ambaye jua lake la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, habari hiyo ilipingana na macho yake mwenyewe. Haikuwa rahisi kuitunga bila mtu kwenda kuona.

Wenye shaka wana hoja nzito, na mmoja wao ni Alan Lloyd, mtaalamu wa Misri ya kale. Wamisri waliijua Nubia vizuri. Napata, mji wa wafalme wa Kushi, uko kusini mwa digrii 19 kaskazini, kwa hiyo kila mwaka kwa miezi miwili na nusu hivi jua la adhuhuri huonekana kaskazini kidogo. Mtu angeweza kuchukua habari ya Nubia na kuipamba. Nakubali inawezekana. Lakini mabadiliko ya digrii chache yanayodumu majira mafupi hayafanani na jua linalokaa mkono wa kulia safari nzima ya kuelekea magharibi, na hapo hoja ya Lloyd hainiridhishi.

Upepo nao una ushuhuda wake. Mabaharia waliotoka Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka wangekutana na kaskazi, inayoanza kuvuma Novemba au Desemba na kuwasukuma kusini hadi Machi. Mkondo wa bahari wa pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, ila msimu wa kaskazi hulegea, na hapo chombo cha tanga na makasia kingeweza kuteremka. Kingefika Mafia kikitokea upande wa Bweni. Nahodha angelazimika kuamua: apite mashariki, kwenye mawimbi ya bahari kuu, au aingie mkondo wa magharibi wenye mafungu ya mchanga na tope la Rufiji. Wajerumani walijenga mnara wa taa pale Ras Mkumbi, karibu na kijiji, kwa sababu eneo hilo si la kuchezea usiku.

Baada ya Ras Delgado mikondo huanza kumsaidia anayekwenda kusini, na mkondo wa Agulhas ni miongoni mwa yenye nguvu kuliko yote duniani. Upande wa Atlantiki, mkondo wa Benguela hupandisha vyombo kaskazini. Taabu ingeanzia Senegali kwenda Moroko, ambako upepo na mkondo vyote huwa mbele ya chombo. Kati ya 2008 na 2010 Mwingereza Philip Beale alilizunguka bara kwa merikebu iliyoundwa kwa mfano wa zile za Wafoinike, akianzia kisiwa cha Arwad, Syria, na kurejea huko. Alionyesha kwamba safari inawezekana. Kama iliwahi kufanyika enzi za Neko ni swali jingine.

Swali hilo ardhi ndiyo inayopaswa kulijibu, na hadi sasa iko kimya. Katika kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na timu nyingine baada yake wamechimba makazi ya kale. Humo mna mabaki ya wafua chuma na wavuvi wa karne ya 4 hadi ya 6 BK, takriban miaka elfu moja baada ya Neko. Hakuna kigae hata kimoja cha Kifoinike kilichothibitishwa kwenye pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 sanamu ndogo za mbawakawa wa Misri zilizodaiwa kueleza safari hii zilitangazwa kwa shangwe, kisha zikabainika kughushiwa.

Maoni yangu ni kwamba kuna watu waliofika kusini ya mbali na kurudi kusimulia, lakini jua peke yake halitoshi kuifundisha safari hii darasani kama jambo lililothibitishwa. Kinachohitajika ni kitu kilichotoka ardhini, mahali panapojulikana, katika tabaka lake. Kwa hiyo nawaomba wakazi wa Bweni, Kanga, Juani na Chole: mkichimba kisima, shimo la choo au msingi wa nyumba mkakuta vigae vya vyungu au shanga, msiviokote wala kumuuzia mgeni. Viacheni pale pale, mkamwarifu afisa utamaduni wa wilaya au Idara ya Mambo ya Kale.