MASHINE YA GEMU HUISHI MIAKA MINGAPI BAADA YA MRITHI KUZALIWA?

Ndugu msomaji, mashine mpya ya gemu inapotangazwa, wengi wetu hudhani kwamba ile ya zamani imezikwa siku hiyo hiyo. La hasha! Mara nyingi mbili hizo huuzwa pamoja kwa miaka, na asiyeijua hesabu yake anaweza kutupa pesa shimoni. Nasema haya kwa sababu hapa Githongo, bonasi ya majani chai inapolipwa, hakosekani kijana anayembembeleza mzazi wake amnunulie mashine ili afungue kibanda cha gemu. Swali ni moja tu: anunue ipi?

Tuanze na mifano. PlayStation ya kwanza iliingia madukani Japani mnamo Desemba 1994. PlayStation 2 ilifuata Machi 2000, lakini kampuni ya Sony iliendelea kuitengeneza ile ya kwanza hadi Machi 2006. Mzee na kijana walikaa rafu moja kwa miaka 6! PlayStation 3 nayo ilitokea Novemba 2006, na habari za kusimamishwa kwa PS2 duniani kote zilikuja Januari 2013. Miaka 6 tena. Lakini PS4 ilipofika Novemba 2013, PS3 ilidumu kiwandani Japani hadi 2017 pekee. Xbox ya Microsoft ndiyo iliyokuwa na bahati mbaya zaidi. Ilitoka 2001, na mrithi wake alipozaliwa Novemba 2005, yenyewe iliachwa karibu mara moja.

Mbona tofauti hizi? Sababu ya kwanza ni gharama. Sony ilizidi kuirahisisha PS2 mwaka hadi mwaka: ikaunganisha chipu zake kubwa, na mwaka 2004 ikatoa umbo jembamba. Hivyo bei yake Marekani ikashuka kutoka dola 299 mwaka 2000 hadi dola 99 mwaka 2009. Microsoft haikuweza kufanya hivyo, kwa kuwa chipu kuu za Xbox zilikuwa za kampuni nyingine.

Sababu ya pili ni wateja. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 150. Hakuna mfanyabiashara anayewafungia mlango watu wengi kiasi hicho, hasa katika nchi ambako mashine mpya ni ghali kupita kiasi.

Hata hivyo, wenzangu, kiwanda kufungwa si kifo chenyewe. Mashine iliyotumika itauzwa mitumba miaka mingi baadaye. Kwa mwenye kibanda, mashine hufa siku gemu mpya zinapokoma. FIFA ya mwisho ya PS2 ilikuwa FIFA 14, iliyotoka 2013. Ya mwisho ya PS3 ilikuwa FIFA 19, ya mwaka 2018. Weka diski halisi ya FIFA 14 umtafute Mohamed Salah katika Liverpool. Utatafuta mpaka uchoke, kwa maana alijiunga na timu hiyo 2017. Mteja anayelipa kwa kila mechi hatarudi kwako ikiwa jirani anazo timu za msimu huu. PS4 kwa upande wake bado iliandaliwa EA Sports FC 25 mwaka 2024, ingawa PS5 ilikuwa imetoka tangu Novemba 2020.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa mfukoni, uliza maswali matatu. Je, gemu ya mwisho ya mashine hii ni ya mwaka gani? Je, mrithi wake anasoma diski zake? PS5 yenye sehemu ya diski husoma za PS4, lakini PS4 haisomi za PS3, na diski ulizonunua zitabaki mapambo. Tatu, je, inaingiana na televisheni yako? PS2 na PS3 hukubali televisheni nzito ya zamani kwa zile nyaya za rangi tatu. PS4 haina tundu hilo, basi huenda ukalazimika kununua na televisheni.

Kipya kinyemi, ni kweli, lakini cha zamani si kibaya mradi ujue umebakiza miaka mingapi ya kukitumia. Mzazi alichuma jani moja moja ndipo bonasi ikapatikana. Isiishie kwenye mashine ambayo hakuna tena anayeitengenezea gemu.