Jengo Lililozuiwa kwa Barua

Wajukuu, ninyi wa Korogwe mnaujua mlingoti wa mkonge. Ukiachwa ukue bila kukatwa hufika mita 5 au 6. Ungeni milingoti thelathini na kitu, mmoja juu ya mwingine, ndipo mtaukaribia urefu wa jengo ninalotaka kuwasimulia. Lingekuwa na ghorofa 60, na wenyewe walitamba kwamba Afrika nzima halitakuwa na mwenzake. Halikujengwa.

Lingesimama Nairobi. Watoto wa Handeni, baadhi ya mabasi yanayopita Mkata, Kabuku na Segera huishia huko. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya, KANU, kilikuwa na gazeti la Kenya Times, kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Wakataka makao makuu ya fahari: ofisi, kumbi, maduka, na nje sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Kiwanja wakakichagua ndani ya Uhuru Park, bustani ya katikati ya mji, ambako watu wasio na hata kiua nyumbani huwapeleka watoto wao Jumapili wakacheze.

Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa akina mama wapanda miti wa Green Belt Movement, akashika kalamu. Aliliandikia gazeti lenyewe, akaiandikia ofisi ya Rais, wakuu wa mji, Umoja wa Mataifa, hata balozi wa Uingereza. Huyo balozi ndiye ninayempenda katika kisa hiki, maana aliulizwa swali gumu: je, kwao wangekubali mnara wa namna hiyo uchimbiwe msingi katika bustani ya Hyde Park, London?

Wangari alijibiwa kwa matusi. Bungeni ikasemwa kwamba yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Alipokwenda Mahakama Kuu, akaambiwa hana haki ya kushtaki. (Bustani ya umma, na mtu wa umma hana la kusema! Mniambie nyie mliosoma.) Green Belt ikatolewa katika ofisi zake, Mama Wangari akahamishia kazi nyumbani kwake.

Lakini watu hudhani ghorofa husimama kwa zege na nondo tu. Kabla ya hayo kuna mkopo, na fedha nyingi za mnara ule zilitegemewa kutoka nje. Zile barua zilifika huko. Wafadhili wakaanza kuuliza: nchi yenye madeni kama haya, mnara wa nini? Mwaka 1990 ghorofa zikapunguzwa, halafu wawekezaji wakajitoa, na mradi ukafa.

Kona moja ya Uhuru Park ilipata kazi nyingine. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale wakigoma kula, wakidai wana wao waachiwe, Wangari akiwa nao. Wakaiita Freedom Corner, na jina hilo linatumika mpaka leo.