Mchezo Kabla ya Mistari: Michezo ya Papo kwa Papo katika Kumfunza Mtoto Uigizaji

Katika Kiswahili, neno mchezo hutumika kwa mpira unaopigwa uwanjani, kwa watoto wanaofukuzana nyuma ya nyumba na kwa tamthilia inayowasilishwa jukwaani. Wataalamu wa fasihi simulizi nao huiweka michezo ya watoto miongoni mwa vipera vya maigizo. Ni ajabu basi kwamba katika shule nyingi, mtoto anapoanza kufunzwa uigizaji, jambo la kwanza analonyang'anywa ni mchezo. Hupewa mistari aikariri, akaonyeshwa mahali pa kusimama na neno ambalo likifika ainue mkono. Makala haya yanaeleza mbinu inayoanzia upande wa pili, yaani michezo ya papo kwa papo, ambayo humwingiza mtoto katika uigizaji kabla hajapewa mstari wowote.

Aliyeipa mbinu hii msingi wa kimaandishi ni Mmarekani Viola Spolin (1906–1994). Katika miaka ya 1920 alifunzwa na Neva Boyd katika Hull House, kituo cha huduma za jamii kilichoanzishwa mwaka wa 1889 jijini Chicago, katikati ya mitaa ya wahamiaji maskini. Boyd aliitumia michezo ya jadi, nyimbo na masimulizi kuwalea watoto na kuwazoesha kuishi na wenzao. Spolin alipokuja kusimamia maigizo katika mradi wa serikali wa burudani jijini humo, kati ya mwaka wa 1939 na 1941, alikabiliwa na wanafunzi waliotoka katika lugha na tamaduni mbalimbali. Mihadhara kuhusu sanaa ya jukwaani isingewafaa, akabuni michezo. Mwaka wa 1946 alianzisha kundi la waigizaji watoto huko Hollywood, na mwaka wa 1963 akachapisha Improvisation for the Theater, kitabu chenye michezo na mazoezi zaidi ya mia mbili. Kwa hivyo, mbinu hii ilizaliwa miongoni mwa watu wasiotumia lugha moja nyumbani, na mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya hatajiona mgeni humo.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi mbinu yenyewe inavyofanya kazi. Watoto hugawanywa katika makundi mawili wavute kamba isiyokuwapo. Mwalimu hawaambii waonyeshe uchovu wala wakunje nyuso. Huwapa jambo moja tu la kuzingatia, nalo ni kwamba kamba lazima ionekane kati yao. Iwapo upande mmoja unarudi nyuma ilhali wa pili haujasogea, kamba imerefuka kama mpira, na watazamaji hulitambua hilo mara moja. Basi kila mvutaji hulazimika kumtazama mwenzake wa upande wa pili na kupima nguvu zake kwa mwendo wa yule. Muda si muda magoti yamekunjwa, migongo imeinama, visigino vimekita sakafuni. Hakuna aliyeambiwa aigize. Mtoto huyohuyo akiambiwa asimame mbele ya darasa ajifanye anavuta kamba, aghalabu atakodoa macho na kumgeukia mwalimu aone kama amependezwa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa hoja ya Spolin. Kwake, mtoto anayeishi kwa kutafuta sifa na kukwepa lawama hawezi kuigiza kwa uhuru, kwa kuwa umakini wake wote uko kwa mwenye kusifu. Kwa sababu hiyo mwalimu hukaa kando na, mchezo ukiendelea, hutoa maelekezo mafupi: "Kamba!" "Mwone mwenzako!" Wachezaji huyasikia bila kusimama. Mchezo ukiisha, watazamaji hawaulizwi ni nani aliyeigiza vizuri. Huulizwa kama kamba ilionekana. Ni badiliko dogo la swali, lakini pengine ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu aliyezoea kutoa alama.

Ipo michezo mingine mingi. Katika mchezo wa kioo, watoto wawili hutazamana, mmoja akasogea polepole na mwenzake akawa taswira yake. Mwingine huwataka wachezaji wazungumze kwa sauti zisizo za lugha yoyote, mmoja akimuuzia mwenzake bidhaa. Huenda mwalimu wa lugha akashangaa faida ya kuiondoa lugha darasani. Faida ni kwamba mtoto hugundua kazi ya kiimbo, ya macho na ya mikono, na akirudi kwenye Kiswahili huja nazo.

Isidhaniwe kwamba haya yote ni mageni. Wanaocheza mama na baba chini ya mwembe tayari wameamua wao ni nani, wako wapi na wanafanya nini, maswali yaleyale matatu ambayo Spolin aliyajengea maonyesho yake. Mchongoano nao unastahili kutazamwa upya. Keith Johnstone, katika Impro cha mwaka wa 1979, anasisitiza kwamba igizo la papo kwa papo hufa mwigizaji anapokataa alichopewa na mwenzake. Katika mchongoano, anayejibu "si kweli" ameshindwa papo hapo. Mshindi hukipokea alichorushiwa na kukizidisha. Kanuni inayofundishwa kwa jasho katika vyuo vya maigizo, mtoto wa Nairobi anayo tangu chekechea. Tofauti ni kwamba mchongoano hulenga kumwangusha mwenzako, na mwalimu atahitaji kuugeuza mwelekeo huo.

Vikwazo vipo. Darasa la wanafunzi sitini lina kelele, ingawa kugawa darasa nusu wacheze na nusu watazame ni sehemu ya mbinu yenyewe. Kikwazo kikubwa zaidi ni tamasha za maigizo. Mwamuzi hutaka kazi iliyokamilika, na mwalimu anayetaka kufika ngazi ya taifa huchagua mapema wenye sauti kubwa na Kiswahili kilichonyooka. Matokeo yake ni yale mashairi ya kwaya ambamo watoto ishirini huinua mkono mmoja kwa wakati mmoja, kwa tabasamu moja. Waliosalia hubeba viti.

Michezo haiwezi kuchukua nafasi ya mazoezi ya mistari, wala Spolin hakudai hivyo. Inachoweza kubadilisha ni wakati wa kuteua. Mwalimu anayetenga majuma matatu ya mwanzo wa muhula kwa michezo ya darasa zima, na kugawa nafasi baadaye, huwa amemwona kila mtoto akiwa kazini, akiwemo yule ambaye Kiswahili chake bado kinachechemea lakini ambaye, siku ya kuvuta kamba, ndiye aliyeifanya ionekane.