Judo na Uonevu wa Mabwenini

Kila mwaka wageni wa kidato cha kwanza wafikapo na masanduku yao, maneno ya uonevu huanza tena. Huyu amenyang'anywa sukari, yule ameamriwa kufua nguo za mkubwa, na mwingine ameamshwa usiku wa manane aimbe amesimama juu ya kitanda. Katika mjadala wetu wa muhula uliopita wenzetu kadha walishauri kwamba shule ianzishe judo, mieleka ya Kijapani, ili wadogo wajue kujitetea. Shauri lenyewe nalipenda sana. Sababu yao ndiyo siikubali, maana mtoto wa miaka 13 hawezi kumwangusha kijana wa miaka 19 kwa masomo ya miezi mitatu; na kama angeweza, basi baada ya miaka michache tungekuwa na mwonevu mpya, tena aliyefundishwa barabara.

Afadhali tumtazame mtu aliyeuanzisha mchezo huu. Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, Japani. Alikuwa mfupi na mwembamba, ila hodari wa masomo, na alipopelekwa shule ya bweni mjini Tokyo wakubwa walimwonea sana. Hayo ndiyo yaliyomtia hamu ya kujifunza jujutsu, mieleka ya kale ya askari wa Japani. Walimu walikuwa adimu, kwa kuwa siku zile watu waliidharau kama jambo lililopitwa na wakati, lakini mwaka 1877 alimpata mmoja, Fukuda Hachinosuke. Hapo palikuwa na mwanafunzi mnene, Fukushima, ambaye Kano hakuweza kumwangusha hata siku moja. Basi akaenda kutafuta katika vitabu, akaona namna ya mieleka ya Kizungu ya kujiingiza chini ya mtu na kumbeba mabegani. Akaizoea, akarudi, na Fukushima akaenda chini!

Kama habari ingeishia hapo, wenzetu wangeshinda mjadala. Lakini Kano mwenyewe alieleza baadaye kuwa zamani alikuwa mwepesi wa hasira, na kwamba mazoezi yalimtuliza moyo. Mwaka 1882 alifungua chuo chake, Kodokan, katika hekalu moja la Tokyo, chenye mikeka 12 tu, na mwaka ule wa kwanza alipata wanafunzi 9. Kazi yake ilikuwa ualimu, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu.

Watu hudhani judo ni nguvu. Kano aliieleza kwa hesabu: mwenzako ana nguvu 10, nawe una 7. Akikusukuma nawe ukashindana naye, utaanguka. Lakini ukirudi nyuma kadiri anavyosukuma, yeye hupepesuka mbele, na kwa kuwa hasimami imara nguvu zake huwa kama 3, na zako bado ni 7. Hata bwenini hesabu hii ina kazi. Mwonevu hutaka kujibiwa kwa matusi au kwa machozi, na asiyempa hata kimoja humnyima mahali pa kushika. (Sisemi mdogo anyamaze. Kumwambia kiranja au mwalimu si woga.)

Hata hivyo, faida kubwa zaidi ni ya mkubwa. Mwanafunzi wa judo hafundishwi kuangusha kwanza; hufundishwa kuanguka, kidevu kifuani, mkono ukiupiga mkeka ili mgongo usiumie. Amwangushaye mwenzake hushika mkono wa nguo yake mpaka afike chini salama. Aliyebanwa akigonga mara mbili kwa kiganja, aliyembana hana budi kumwachia papo hapo, awe ana mkanda mweusi au mweupe. Kabla ya yote hayo na baada yake huinamiana. Mwenzako amekuazima mwili wake ujifunzie. Ukimvunja leo, kesho utacheza na nani? Kano aliliita jambo hili jita kyoei, yaani mimi na mwenzangu tustawi pamoja.

Yamashita Yasuhiro, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, amesimulia kuwa utotoni alikuwa mkubwa wa mwili na mkorofi hata watoto wengine waliogopa kuja shuleni kwa ajili yake. Wazazi wake wakampeleka kwenye judo. Huko alikuta watu wa kupambana nao kwa nguvu zake zote, lakini kwa sheria.

Judo yenyewe yaweza kuharibika. Mwaka 2022 chama cha judo cha Japani, wakati huo kikiongozwa na Yamashita huyo huyo, kilifuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, kwa sababu wazazi na walimu walikuwa wakitaka ushindi kupita kiasi.

Kwa hiyo, tukianzisha judo hapa, naomba waandikishwe kwanza vijana wa vidato vya juu pamoja na wageni, wawili wawili, na tusianze na kikombe wala mashindano ya mabweni. Tena tusianze bila mwalimu aliyehitimu. Sakafu ya simenti si mkeka, na shingo ya mtoto huvunjika mara moja.